Daftari Moja, Milango Mingi: Namna Kompyuta Inavyoweza Kuandika Mkataba wa Taarifa za Mgonjwa

Wafugaji wengi wa Tanzania huufahamu mji wa Mpwapwa, ulioko upande wa mashariki wa jiji la Dodoma, kwa sababu ya ng'ombe wake. Katika kituo cha utafiti wa mifugo ambacho asili yake ni zama za utawala wa Wajerumani, wataalamu wa karne ya 20 walichanganya damu ya zebu wa kienyeji na ya Boran, Sahiwal na Red Sindhi, hata wakapata ng'ombe anayestahimili ukame wa nyanda za kati na kutoa maziwa mengi kuliko zebu wa kawaida. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa macho peke yake. Kila ndama huhitaji namba, dume aliyemzaa, mama yake, tarehe ya kuzaliwa na uzito. Daftari likikosea mzazi wa ndama mmoja, kosa hilo hurithiwa na kizazi chote kinachomfuata.

Kanuni hiyo hiyo hutawala daftari la mgonjwa. Tofauti ni kwamba siku hizi daftari la mgonjwa halikai mahali pamoja. Taarifa za mama aliyejifungulia zahanati hutakiwa na hospitali ya wilaya anakopewa rufaa, na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na mkoa, na wizara. Kila inapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, taarifa hupita mlangoni. Na mlangoni ndipo mambo mengi yanapoharibika. Makala hii inaeleza mbinu moja ya wataalamu wa programu inayopunguza uharibifu huo: kuiacha kompyuta yenyewe izalishe msimbo wa mlango kutokana na modeli ya kanzidata. Inaeleza pia kwa nini mbinu hiyo haitoshi iwapo watoa huduma hawatashirikishwa.

Kutoka kitabu cha MTUHA hadi kanzidata

Katika zahanati na vituo vya afya nchini, daftari linalojulikana kuliko yote ni lile la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu Namba 5, mjamzito katika Namba 6, mtoto katika Namba 7, na mama anayejifungua katika Namba 12. Mwisho wa mwezi mtoa huduma hujumlisha mistari na kuandaa muhtasari, ambao huingizwa katika DHIS2, programu iliyojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi kuistawisha hapa nchini. Vituo vingi vya halmashauri hutumia pia GoTHOMIS, mfumo wa kuendesha shughuli za kituo kuanzia mapokezi hadi dawa na malipo.

Ukurasa wa kitabu cha MTUHA, ukiutazama kwa makini, tayari ni modeli ya data. Vichwa vya safu vinasema nini kitaulizwa. Maelekezo yanasema jibu liwe la namna gani: hapa andika tarehe, hapa andika namba, hapa weka alama ya ndiyo au hapana. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali tunazozitumia hadi leo. Wazo lake linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kujaza daftari: mambo ya aina moja yawekwe katika jedwali moja, kila mstari uhusu kitu kimoja, kila safu iwe na aina yake, na majedwali yaunganishwe kwa namba za utambulisho badala ya kunakili maelezo yale yale mara mbili.

Kwa hiyo mtaalamu anapounda jedwali la watoto waliozaliwa, huandika kwamba tarehe ya kuzaliwa ni tarehe wala si maneno, kwamba uzito ni namba, kwamba namba ya mama ni lazima iwepo na iwe imekwisha kuandikwa katika jedwali la akina mama. Kanzidata hukataa mstari unaovunja masharti hayo. Hadi hapo, ndani ya nyumba, mambo ni salama.

Mlango kati ya mifumo

Mfumo mmoja hauruhusiwi kuingia moja kwa moja katika kanzidata ya mwingine. Huomba kupitia kiolesura cha programu, ambacho wataalamu hukiita API. Msomaji anaweza kukifananisha na dirisha la dawa hospitalini. Mgonjwa haingii stoo kujichukulia vidonge. Hutoa cheti kilichoandikwa kwa utaratibu unaojulikana, na hupokea dawa iliyofungwa kwa utaratibu unaojulikana. Orodha ya taratibu hizo, yaani kinachoweza kuombwa, kwa umbo gani, na jibu litakuja kwa umbo gani, ndiyo skima ya kiolesura. Ni mkataba kati ya anayeomba na anayetoa.

Tatizo ni kwamba mkataba huo mara nyingi huandikwa kwa mkono, tena zaidi ya mara moja. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtoto amezaliwa katika zahanati moja upande wa Kibakwe, akiwa na uzito wa kilo 2.9. Mtaalamu wa kwanza, aliyeunda kanzidata, aliandika kwamba uzito ni namba yenye desimali. Mtaalamu wa pili, aliyeandika msimbo wa kiolesura, alikumbuka tu kwamba uzito ni namba, akaandika namba kamili. Programu ikakata sehemu ya desimali, na 2.9 ikawa 2. Mtaalamu wa tatu, aliyeandika programu inayopokea taarifa hospitalini Mpwapwa, hakuona kasoro yoyote, kwa kuwa 2 ni namba halali.

Katika tiba, mtoto anayezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mtoto huyu mwenye afya njema ameingia katika kundi hilo bila sababu, pamoja na kila mtoto mwenye kilo 2.5 hadi 2.9. Takwimu za mwezi zitaonyesha kwamba watoto wenye uzito pungufu wameongezeka ghafla. Viongozi wa afya wataitisha kikao kuhusu lishe ya wajawazito, ilhali tatizo liko katika mstari mmoja wa msimbo. Na mtoto ambaye kweli alizaliwa na kilo 2.1, anayehitaji joto na uangalizi wa karibu, amefichwa ndani ya kundi la wenzake ambao hawauhitaji.

Hakuna aliyezembea katika mfano huu. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa nia njema. Kosa lilitokana na kuandika jambo moja mara tatu.

Programu inayoandika programu

Dawa ya tatizo hilo ni kuandika jambo mara moja tu, na kuiacha kompyuta inakili. Wataalamu huandaa programu ya kuzalisha msimbo, ambayo kazi yake hufuata hatua chache zinazoeleweka.

Kwanza, programu hiyo husoma modeli ya kanzidata: majina ya majedwali, safu zake, aina ya kila safu, ni safu gani inaweza kuachwa tupu, mipaka iliyowekwa, na jedwali lipi linategemea lipi. Pili, hutafsiri kila aina ya kanzidata kuwa aina inayolingana nayo katika lugha ya programu na katika skima. Desimali inabaki desimali; tarehe inabaki tarehe; safu inayoweza kuachwa tupu hutangazwa waziwazi kwamba inaweza kuwa tupu. Tatu, huandika mafaili: maelezo ya aina, msimbo wa kukagua kila taarifa inayoingia, na hati ya kusomwa na binadamu. Nne, mafaili hayo hutumiwa na pande zote mbili za mlango, anayetoa na anayepokea.

Faida kubwa huonekana modeli inapobadilika. Tuseme imeamuliwa kwamba uzito wa kuzaliwa uandikwe kwa gramu badala ya kilo, na jina la safu libadilishwe liwe uzito_gramu. Msimbo ukizalishwa upya, kila mahali palipotumia jina la zamani hukataa kujengwa. Mtaalamu huona makosa kumi au ishirini katika kioo cha kompyuta yake, huyasahihisha moja baada ya jingine, na mambo huishia hapo. Kosa limepatikana ofisini kabla halijafika wodini.

Nyenzo za kazi hii zipo, na nyingi hupatikana bure. Mwaka 2015 utaratibu wa kueleza violesura uliokuwa ukijulikana kama Swagger uliwekwa chini ya usimamizi wa OpenAPI Initiative, ndani ya taasisi ya Linux Foundation, na leo programu nyingi huweza kusoma maelezo ya OpenAPI na kuzalisha msimbo. Katika uwanja wa afya, shirika la kimataifa la HL7 linasimamia viwango vya FHIR, ambavyo toleo lake la 4 lilitolewa mwishoni mwa mwaka 2018. FHIR imeandikwa kwa namna inayosomeka na kompyuta, hivyo maelezo ya mgonjwa, kipimo au chanjo yanaweza kugeuzwa kuwa msimbo bila kuandikwa upya kwa mkono.

Sifuri, tupu, na namba yenye tarakimu 20

Hata hivyo, mashine hunakili ilichopewa. Ikipewa modeli mbovu, huzalisha ubovu kwa kasi na kwa usahihi. Mifano mitatu inatosha kuonyesha hatari hiyo.

Mfano wa kwanza ni tofauti ya sifuri na tupu. Katika ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, kituo ambacho hakikumpata mgonjwa hata mmoja hutakiwa kuripoti sifuri. Sifuri ina maana kwamba tumetazama, hatukuona. Nafasi tupu ina maana kwamba hatujui kama kuna aliyetazama. Modeli inayojaza sifuri pale taarifa inapokosekana hugeuza ukimya kuwa habari njema, na zahanati iliyofungwa wiki nzima huonekana kama zahanati isiyo na surua. Msimbo uliozalishwa vizuri humlazimisha mtayarishaji programu kushughulikia hali zote mbili, lakini kwa sharti kwamba modeli yenyewe imezitofautisha.

Mfano wa pili ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa kuwa inaitwa namba, mtu anaweza kudhani ihifadhiwe kama namba. Lakini namba ya ukubwa huo haitoshei hata katika namba kamili ya biti 64, na ikiwekwa katika namba ya desimali ambayo lugha kama JavaScript huitumia kwa kawaida, tarakimu za mwisho hubadilishwa kimyakimya. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu, wanaweza kugeuka mtu mmoja, na mmoja akapewa historia ya matibabu ya mwenzake. Kitambulisho hakijumlishwi wala hakigawanywi. Kwa hiyo ni maandishi yenye tarakimu, na modeli iseme hivyo. Namba ya simu ni vivyo hivyo, maana ikihifadhiwa kama namba hupoteza sifuri yake ya mwanzo.

Mfano wa tatu ni tarehe ya kuzaliwa ya mzee. Vijijini Mpwapwa, kama kwingineko nchini, wapo wazee wanaoujua mwaka waliozaliwa, pengine kwa kuukumbuka kwa njaa au mvua, lakini si siku wala mwezi. Modeli ikidai tarehe kamili, mhudumu atalazimika kuandika tarehe 1 Januari ili mfumo umruhusu kuendelea, na baada ya miaka michache kanzidata itaonyesha kwamba nusu ya wazee wa kijiji walizaliwa siku moja. FHIR imeliona jambo hili: tarehe yake inaweza kuwa mwaka peke yake, au mwaka na mwezi, au tarehe kamili. Ni afadhali mfumo ukubali ukweli pungufu kuliko kudai uongo kamili.

Lipo pia onyo kwa watayarishaji programu wanaodhani kwamba kusoma majedwali kunatosha. Katika DHIS2, thamani zinazoingizwa huhifadhiwa katika safu ya maandishi. Aina halisi, kama vile namba kamili isiyo hasi, asilimia au ndiyo na hapana, imeandikwa kando, katika maelezo ya kila kipengele cha data. Programu itakayosoma jedwali hilo tu itatangaza kwamba kila kitu ni maandishi, na mkataba wake hautamlinda mtu yeyote. Ni lazima isome maelezo hayo ya kando, kwa sababu modeli ya kweli imo humo.

Aina sahihi, maana potofu

Kuna kosa ambalo aina peke yake haiwezi kulizuia. Mnamo Septemba 1999, chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja ilitoa matokeo kwa vipimo vya Kiingereza vya msukumo, na nyingine ikayapokea kana kwamba ni vya mfumo wa metriki. Pande zote mbili zilibadilishana namba, na namba zilikuwa halali. Kilichokosekana ni kipimo.

Wodini hali ni hiyo hiyo. Mtoto mwenye malaria kali ambaye uzito wake ni chini ya kilo 20 hupewa sindano ya artesunate kwa miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye uzito mkubwa zaidi miligramu 2.4 kwa kila kilo. Hesabu hiyo yote inategemea namba moja iliyoandikwa pale mtoto alipopimwa kwenye mizani. Kwa hiyo modeli njema huweka kipimo ndani ya jina au maelezo ya safu, huweka mipaka inayoingia akilini, na huandika saa ambapo uzito ulichukuliwa. Masharti hayo nayo yazalishwe katika msimbo, yasibaki katika kumbukumbu ya mtaalamu ambaye kesho anaweza kuhamishwa.

Jambo jingine la kiufundi linafaa kutajwa. Katika baadhi ya lugha, TypeScript ikiwa mfano, aina hukaguliwa wakati programu inajengwa, kisha hufutwa. Taarifa itakayofika baadaye kutoka nje haikutani na mlinzi yeyote. Ndiyo sababu kuzalisha maelezo ya aina peke yake hakutoshi. Ni lazima uzalishwe pia msimbo wa ukaguzi unaofanya kazi kila taarifa inapoingia, mchana na usiku.

Si kila safu ipite mlangoni

Urahisi wa mbinu hii una kishawishi chake. Kwa amri moja, jedwali zima linaweza kugeuzwa kuwa mlango ulio wazi. Lakini jedwali la wajawazito lina majibu ya vipimo vya VVU, namba za simu na majina ya vijiji. Katika kijiji kidogo, umri, kijiji na tarehe ya mahudhurio vinatosha kumtambulisha mama hata kama jina lake limeondolewa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Utaratibu salama ni kuanza na mlango uliofungwa: hakuna safu inayotoka mpaka iwe imetajwa kwa jina, pamoja na nani anaruhusiwa kuiona na kwa kazi gani. Modeli ya ndani ya kanzidata na modeli ya mlangoni ziwe mbili, na msimbo uzalishwe kutokana na ile ya pili. Stoo ya dawa haina budi kuwa na kila kitu, lakini dirishani hutolewa kile tu kilichoandikwa kwenye cheti.

Nani asome mkataba?

Tulisema kwamba programu ya kuzalisha msimbo hutoa pia hati ya kusomwa na binadamu. Kwa kawaida hati hiyo huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na watayarishaji programu peke yao. Hapo ndipo nafasi kubwa inapopotea. Maelezo ya kila safu yakiandikwa kwa Kiswahili ndani ya modeli, hati ya Kiswahili itazalishwa kila mara bila gharama ya ziada, na itakuwa sahihi siku zote kwa sababu imetoka palepale ulipotoka msimbo.

Hati hiyo inaweza kuchapwa kurasa chache na kuwekwa mezani mbele ya muuguzi mkunga, tabibu wa zahanati na mratibu wa MTUHA wa wilaya kabla mfumo haujaanza kutumika. Yeye aliyejaza Kitabu Namba 12 kwa miaka 15 hatahitaji kujua lugha ya programu ili kuuliza: mbona uzito hauna desimali? Mapacha mtawaandika wapi? Mama akifika bila kadi, nitaendeleaje? Mtoto akizaliwa njiani, mahali pa kuzaliwa paandikwe nini? Kila swali la namna hiyo likijibiwa katika modeli, msimbo wote hujirekebisha unapozalishwa tena. Swali hilo hilo likiulizwa mwaka mmoja baadaye, litakuwa limekwisha kuharibu taarifa za mwaka mzima.

Kwa halmashauri na vituo vinavyojiandaa kununua au kuunganisha mifumo, tunashauri maswali manne yaulizwe mapema. Je, modeli ya data imeandikwa mahali pamoja, na msimbo wa violesura unazalishwa kutokana nayo? Je, mfumo unatofautisha sifuri na tupu, na je, vipimo vimetajwa? Je, kila safu inayotoka nje imeruhusiwa kwa jina na kwa sababu? Je, watoa huduma wameisoma hati kwa lugha wanayoielewa, na hoja zao zimeingizwa?

Wafugaji wa kituo cha Mpwapwa walijua kwamba ubora wa kundi lao hauwezi kuzidi ubora wa daftari lao. Watoto wanaozaliwa leo katika zahanati za wilaya hiyo wanastahili daftari lenye uangalifu usiopungua ule: lililoandikwa mara moja, likaandikwa vizuri, na likasomwa kwanza na yule atakayelijaza.